Pelagie Houndété: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kukataa Tamino Mbovu

Bi Pelagie Houndété anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya kuitumikia Karakana ya Ushirika wa Madereva wa Pikipiki, hapa Akpakpa, Cotonou, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Karibu muda huo wote alikuwa mtunza stoo ya vifaa vya umeme. Miezi kumi na mitatu ya mwisho amekuwa karani wa lango. Sababu mnaijua, au mnadhani mnaijua.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naitwa Gratien Ahlonsou. Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka tisa, na sasa stoo naishika mimi. Mwenyekiti wa kamati yetu, Bw. Théophile Lokossou, aliniita ofisini akanihesabia maagizo kwa vidole: "Gratien, hadithi mbili za kuchekesha, mafanikio mawili matatu, shukrani, basi. Kurasa tatu. Na lile jambo la mwaka jana usiliguse." Nikaitikia vizuri, ndiyo Mwenyekiti. Hadithi mbili mtazipata.

Kwanza niwakumbushe desturi, maana leo tuna wageni. Hapa kwetu mfanyakazi akistaafu na faili safi hapelekwi nyumbani kwa gari. Anapandishwa pikipiki ya kwanza, na madereva wote wanamfuata hadi mlangoni kwake, taa zimewashwa mchana kweupe, honi juu, mashati ya njano barabara nzima. Fundi rangi wetu wa zamani alipata pikipiki mia moja na kumi, na hakuwa mtu wa kupendwa hata kidogo. Mwenye doa katika faili yeye hupewa mkono na kutolewa kwa lango la nyuma. Tanti Pelagie, kama tunavyomwita sote, ana doa moja, na kamati imeshaamua: lango la nyuma, gari dogo la ofisi. Mkimuuliza atawaambia anapendelea gari kwa sababu ya kiuno. Msimwamini. Jambo hili limemuuma kuliko lolote tangu nimfahamu.

Alipoingia, Februari 1993, alikuwa na miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye kibanda cha marehemu babake cha kutengeneza redio pale Gbégamey. Siku ya kwanza alifungua taa ya pikipiki akakuta waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Akafungua ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa imefungwa kwa plasta ya kidonda. Akauliza, "Na hii iliumia wapi?" Mafundi walicheka sana, lakini wiki haikuisha kabla hajawafundisha wote kubana tamino.

Wageni wetu, tamino ni kile kichwa kidogo cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Soketi ni kikasha cha plastiki ambamo tamino za upande huu hukutana na za upande ule. Ni vidude vidogo, kiganja kimoja kinabeba mia. Lakini pikipiki ya Cotonou inaishi kati ya bahari na ziwa Nokoué, na hewa yetu ina chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Tamino mbovu hapa haimalizi msimu mmoja wa mvua. Taa inazimika, moto wa plagi unakatika, na abiria anaanza kutukana ukoo wako mzima mkiwa katikati ya maji ya mafuriko. Ndiyo maana mtu anayejua kuchagua tamino nzuri, katika mji huu, ni wa kutunzwa.

Basi hadithi ya kwanza. Sumaku yake mnaijua, ile iliyotoka kwenye spika ya redio ya babake, aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Tamino nzuri ni ya shaba, na shaba haishikwi na sumaku. Tamino ya ujanja ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hicho hujirusha chenyewe. Mwaka 2006 alikwenda soko la Dantokpa kwa muuzaji mmoja aitwaye Sourou, ambaye kibao cha duka lake kiliandikwa "Halisi Tupu". Sourou alivaa mkufu wa dhahabu mnene kama mnyororo wa baiskeli, na vifungo vitatu vya juu vya shati alikuwa havifungi ili mkufu upate hewa.

"Tanti, hizi zimetoka kiwandani moja kwa moja," akamwambia. "Ziguse mwenyewe!"

Tanti akazigusa kwa sumaku. Konzi nzima ya tamino ikaruka ikaning'inia.

"Ala! Hiyo sumaku yako imerogwa," Sourou akalalamika. "Inashika kila kitu!"

"Kila kitu, eh? Hebu sogea, mwanangu, tuone."

Akamwinamia, na sumaku ikaenda moja kwa moja kifuani ikaukamata mkufu. Wauza nyanya wa mstari wa pili waliacha nyanya zao wakaja. Kelele zikamfikia mke wa Sourou, aliyekuwa na mkufu pacha wa ule tangu siku ya harusi yao, naye akaja akaomba kuazima sumaku kidogo. Yaliyofuata si ya kuandikwa katika programu ya sherehe. Hadi leo Sourou ndiye anayetuuzia tamino safi kuliko wote sokoni, na anayekaa mbele ya duka ni mkewe.

Sumaku ilikuwa mwanzo tu. Alikunja na kukunjua mabawa ya tamino, yale yanayobana waya, mara nne, bawa likikatika kasha zima linarudi. Alichomeka tamino kwenye soketi akisikiliza ule mlio mdogo wa kushika, kisha akaivuta kama anayemtoa kuku ndani ya tundu. Soketi zenyewe alizitupa kwenye beseni la maji: plastiki nzuri huzama, ile iliyoyeyushwa kutoka ndoo kuukuu huelea. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kwa Tanti Pelagie vikielea havikuundwa, na muuzaji anaonyeshwa njia.

Hadithi ya pili ni ya chupa. Kila kasha jipya lilipoingia, alichukua tamino tatu akazifunga kwa uzi mwekundu, akazining'iniza ndani ya chupa ya mayonesi iliyojaa maji ya bahari, akaandika tarehe kwenye kikaratasi, akaiweka dirishani siku tisa. Zikibaki safi, kasha linafunguliwa. Zikitoa kutu au unga, kasha linarudi lilikotoka. Sasa mlinzi wetu wa miaka ile, Mzee Kpatindé, alipita akaona chupa, akaona maji, vyuma, uzi mwekundu na namba. Akajua mara moja alichokiona. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alimwaga tone la sodabi, ile pombe yetu kali ya mawese, chini ya dirisha, kwa tahadhari tu. Hakumuuliza mtu.

Akaja mhasibu mpya, muumini wa kanisa lile la mavazi meupe na miguu mitupu. Yeye alimleta mchungaji wake mzima, na ubani, na kengele. Mchungaji akasimama mbele ya dirisha akauliza kwa sauti ya ibada, "Mama, humo ndani mna nini?"

"Maji ya bahari."

"Na unamwekea nani?"

"Waongo," Tanti akajibu, akaendelea kubana waya.

Mchungaji alirudi nyuma hatua tatu. Kwa miaka sita iliyofuata haukupotea hata msumari mmoja katika stoo ile, na Tanti hakumsahihisha mtu yeyote. Mchungaji naye alirudi wiki ya pili, peke yake, bila kengele, akisukuma pikipiki ambayo indiketa zake zilikuwa haziwaki.

Hadithi mbili zimekwisha. Mwenyekiti angependa sasa nigeukie mafanikio. Nitageuka, ila napitia njia ya mzunguko.

Mwezi wa Aprili mwaka jana mke wangu, Léocadie, alijifungua mapacha, Zinsou na Sagbo. Siku chache baadaye Tanti Pelagie alikwenda Abomey kumzika mama mkwe wake. Mazishi ya Abomey mnayajua, ukifika mapema unaondoka umechelewa. Alikaa siku kumi. Aliniachia ufunguo wa stoo, akavua sumaku shingoni akaniachia nayo, na neno moja: "Gratien, kasha likiingia, chupa kwanza. Siku tisa. Hata aje Baba Mtakatifu mwenyewe na tamino mfukoni."

Siku ya tatu likaja kasha kutoka kwa muuzaji mgeni. Pikipiki hamsini na mbili zilikuwa zimefumuliwa waya zikisubiri tamino mpya kabla ya mvua. Mafundi walinigongea mlango, madereva wakanipigia kelele dirishani. Mimi nilikuwa sijalala tangu mapacha wazaliwe, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea zamu. Nikapitisha sumaku. Haikushika hata moja. Nikasema, aa, shaba hiyo! Nikafungua kasha, nikagawa.

Kosa kama hilo lingeweza kufanyika katika karakana yetu tu. Miaka yote tulikuwa tukiwacheka wauzaji walioumbuliwa na sumaku, hata tukaiamini kuliko mwenyewe alivyoiamini. Wauzaji nao hawakukaa bure, walikuwa wanajifunza. Tamino zile zilikuwa za alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na sumaku haina habari na alumini. Chupa ingeniambia kwa siku mbili. Uzito wake kiganjani ungeniambia papo hapo. Sikuiuliza chupa, wala sikukiuliza kiganja changu.

Mei ikaja na mvua zake. Alumini ikikutana na shaba ya waya kwenye maji ya chumvi huoza ikatoa unga mweupe, na ndicho kilichotokea. Pikipiki zetu zikazimika Vêdoko, zikazimika Saint-Michel. Moja ilizimika na bibi harusi juu yake, akamalizia safari kwa mtumbwi, shela mkononi. Mji ulitucheka siku mbili. Siku ya tatu, kukipambazuka, taa ya dereva wetu Mathias Tossou ilikatika ghafla kwenye daraja la zamani, mvua ikimpiga usoni. Aligonga ukingo, na mkono wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Hapo kicheko kikaisha.

Kamati ikaitwa. Nilimkuta Tanti Pelagie stoo, ameshika tamino moja yenye unga, anaitazama tu.

"Tanti, ni mimi," nikamwambia. "Naenda kuwaeleza."

Akafunga mlango. "Mapacha wana wiki ngapi?"

"Sita."

"Nyumba ya mapacha wachanga haipelekewi barua ya kufukuzwa kazi. Wale wadogo wana hasira, wewe huwajui. Unataka waje wanisumbue mimi uzeeni?"

"Lakini Tanti..."

"Lakini nini? Stoo ya nani? Nani aliyekuachia ufunguo? Nyamaza. Nenda nyumbani ukawatolee sadaka yao ya maharage, na uwaambie mimi nimewasalimu."

Akaingia mbele ya kamati akasema maneno matano: "Stoo ni yangu. Kosa langu." Hawakumuuliza zaidi. Kamati yetu huwa haiulizi zaidi pale jibu linapokuja mapema na chakula cha mchana kimeiva. Wakaandika doa, wakamwondoa stoo, wakampa kalamu na daftari la lango. Mimi nikapandishwa cheo. Naam, nikapandishwa, na nikakubali. Naona aibu kuliandika neno hilo.

Sasa mafanikio, kama nilivyoagizwa. Wengine wangekaa langoni wakanuna. Yeye alichukua kigoda na koleo lake mwenyewe, na kila pikipiki iliyoingia, kabla ya kuandika namba yake, aliinama akazivuta waya zake moja moja. Foleni ilifika barabarani. Madereva walilalamika, akawaambia, "Lalamikeni mkiwa mmekaa, miguu isiwaume." Kwa wiki saba alizipata zote hamsini na mbili. Alikata alumini yote, akabana shaba mpya, pale pale langoni, chini ya mwavuli.

Mtajiuliza shaba aliipata wapi, maana karani wa lango haruhusiwi kuchukua kitu stoo. Aliipata ndani ya bakuli la akassa, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachuka. Kila mchana mkuu mpya wa stoo alimpelekea chakula, na chini ya akassa palikuwa na kijaluba. Mlinzi alishangaa mwanamke mwembamba vile anavyokula mabakuli mawili kwa siku. Tangu wiki ile ya saba hakuna pikipiki yetu hata moja iliyozimika majini. Taarifa ya mwaka ya kamati imelieleza jambo hilo kwa maneno manne: hali nzuri ya hewa.

Mathias, mkono ulipopona, alirudi barabarani. Kila asubuhi aliingia langoni na kila asubuhi alimpita Tanti bila salamu. Kwetu kumpita mtu mzima bila kumsalimu ni tusi, na Mathias alikusudia liwe tusi. Tanti alizivuta waya zake kama za wengine, akaandika namba yake, akanyamaza. Niliyaona hayo kutoka dirishani mwa stoo zaidi ya mara mia mbili, nami nikanyamaza.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilifika mia nne. Jumanne iliyopita nilimfuata Mathias kijiweni kwake, nikamweleza yote, tangu mapacha hadi bakuli la akassa. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake. Akaukunja mkono wa kulia, akaukunjua.

"Kwa hiyo mkono huu umeuvunja wewe," akasema.

"Mimi."

"Na yule mama nimempita mwaka mzima kama nguzo ya umeme."

Hakunipiga, ingawa nilisimama karibu makusudi. Aliufunika uso kwa kofia yake, na abiria wawili wakaja wakaondoka. Kisha akauliza, "Hiyo programu ya Ijumaa anaichapisha nani?"

"Mimi."

"Basi chapisha."

Rasimu aliyoisoma Mwenyekiti ilikuwa na kurasa tatu. Hii mliyoshika ina zaidi. Nakala ya kwanza anayo yeye, pale meza kuu, na mkimtazama mtajua amefika aya gani. Mwenyekiti, nakuheshimu. Doa lile lihamishie faili langu. Barua yangu ya kuacha ukuu wa stoo umeikalia, nimeiweka chini ya mto wa kiti chako ili usiisome mapema. Mapacha wangu wana mwaka na miezi miwili, wanatembea, na mama yao amewaeleza. Mimi nimebakiza miaka kumi na miwili, kama mtanibakiza, na siku yangu ikifika lango la nyuma nalijua lilipo.

Wenzangu madereva, katika ratiba ya ukurasa wa mwisho mstari wa gari dogo la ofisi haupo tena. Badala yake mtasoma: saa kumi na nusu, msafara. Pikipiki ya kwanza, Mathias Tossou, aliyeiomba nafasi hiyo kwa mdomo wake. Sina mamlaka ya kuamrisha msafara, na kamati haijauidhinisha. Lakini pikipiki ni zenu, na waya zake zote mnajua zilibanwa na nani.

Tanti Pelagie, utanikasirikia. Uliniambia ninyamaze, nami nimekutii mwaka mzima, imetosha. Asante kwa taa zote zilizowaka katika mji huu na wenyewe wasijue kwa nini zinawaka. Asante kwa kunibebea kilichokuwa changu. Nenda ukalime mananasi yako Allada, wajukuu wakuchoshe vizuri, kiuno kikuhurumie, na Mungu akupe miaka mingi ya kukataa vitu vibovu kwa raha zako. Sasa inuka, Tanti. Usitazame meza kuu. Mathias yuko hapo nje kwenye lango kubwa tangu saa sita, amekuja kukusalimu.